Mutoto amemaliza masomo, lakini diplome iko wapi?

Siku ya matokeo, mutaa muzima unajua. Mutoto anarudi nyumbani na poda nyeupe toka kichwani mpaka ku viatu, dada zake wanapiga vigelegele, jirani analeta viti. Baba, ambaye ametoka ku posti ya usiku na hajalala bado, anakaa pale inje na anasalimia watu kama vile ni yeye amefanya mutihani. Tumeona sherehe hizi ku Likasi, ku Kolwezi, ku Lubumbashi. Ni furaha ya kweli, hatutaki kuiharibu.

Ila kuna mutoto mwingine, ku nyumba ya tatu toka pale, ambaye poda haijamufikia. Alisikiliza masomo yote. Aliingia mwaka wa mwisho zamani kidogo. Ukimuuliza, anajibu: "Niko finalisti." Mwaka jana alikuwa finalisti. Mwaka mwingine mbele ya ule, finalisti vilevile. Baba yake ameacha kuuliza juu anaona haya mbele ya wenzake ku kazi, na mama anaambia watu kama mutoto anangojea tu karatasi.

Leo tunataka kuzungumza juu ya huyu. Siye wazazi tunajua kumuingiza mutoto ku iniversite. Tunauza kitu, tunakopa, tunaomba avansi ku paye, na minervali ya mwaka wa kwanza inapatikana. Kumutosha mule na diplome mukononi, njo kazi ambayo wengi hatujajifunza. Na mara nyingi mutoto haanguki katikati ya safari. Anaanguka ku mulango, ile siku anaona nyumba kabisa.

Zamani mulango huo ulikuwa wazi. Wazee wanakumbuka. Union Minière, iliyoanza 1906, na Gécamines iliyokuja nyuma yake, zilimushika mutoto wa mufanyakazi toka lopitali alipozaliwa: masomo ya kampuni, unga wa kampuni, dawa ya kampuni. Iniversite ilifunguliwa hapa Lubumbashi 1956, wakati muji uliitwa Élisabethville. Ikaingizwa ndani ya UNAZA 1971, ikapata jina lake la leo, UNILU, 1981. Injenia aliyetoka pale hakuuliza sana ataenda wapi. Barabara ya Kasapa iko na nyumba mbili kubwa, iniversite na gereza, na wazee walipenda kuchekesha kama mutoto ku Kasapa achague vizuri mulango. Akichagua ule wa iniversite, kazi inamungojea.

Halafu mambo yakageuka. 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa ile tuliyoita départs volontaires, na nyumba nyingi zilielewa siku ile kama jina la baba halitoshi tena kumupa mutoto kazi. Leo kampuni ni nyingi. TFM kule Fungurume iko mukononi mwa CMOC ya Chine, KCC ku Kolwezi iko ya Glencore ya Uswisi, na kila moja inaajiri kwa njia yake. Tena kazi mingi ya kuanzia haiko ku kampuni kubwa yenyewe. Iko ku sutretansi: wale wanaobeba wafanyakazi, wanaopika, wanaotengeneza mashini, wanaolinda. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilisema kama sutretansi ni ya kampuni ambazo feza yake kubwa iko ya Wakongomani. Kwa hiyo mutoto anayetuma barua ku kampuni tatu kubwa tu, na kukaa kungoja, anagonga ku milango michache ya nyumba yenye milango mingi.

Lakini mbele ya barua, kuna diplome. Na juu ya diplome kuna neno moja ambalo limechanganya nyumba nyingi: lisansi.

Zamani mutoto alifanya gradia miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Mutu akisema yeye ni lisansie, ulijua amesoma miaka 5. Sasa kuna mpango wanaouita LMD. Sheria ya elimu ya 2014 iliufungulia njia, na iniversite zetu ziliuingia kwa nguvu toka mwaka wa masomo 2021-2022. Ndani ya mpango huo lisansi ni miaka 3, na masteri ni miaka 2 juu yake. Jina lile lile, urefu mwingine. Tumesikia baba akimugombeza mutoto kama amekula feza ya miaka miwili, kumbe mutoto alimaliza lisansi ya leo kama inavyotakiwa, na baba alihesabu ile ya wakati wake. Hata ku biro za kuajiri, kuna mutu anayesoma "lisansi" ku sivi na kuelewa kitu kingine. Mutoto aandike wazi: lisansi ya LMD, miaka 3, kredi 180.

Hapo tumefika ku kredi, na tunaomba wasomaji watuvumilie, juu ni hapa feza ya nyumba inapotelea. Kila somo linapimwa kwa kredi. Semesta moja ni kredi 30, mwaka ni 60, lisansi nzima ni 180, masteri ni 120. Kredi mutoto aliyoipata hainyanganywi. Ile asiyoipata haifutwi, inamungojea mbele. Ku mpango wa zamani ulijua mara moja: satisfaksio, distinksio, ao ajurne, na ajurne alirudi nyumbani na machozi. Sasa mutoto anaweza kupanda mwaka wa pili akiwa na deni la mwaka wa kwanza, akapanda wa tatu akiwa na deni la pili, na ku nyumba watu wanaona tu kama anapanda. Ni kama deni la ku duka ya mutaa. Mwenye duka anacheka na wewe kila siku, mpaka siku ile anafungua kitabu.

Kwa hiyo ile swali "umepita?" haitoshi tena. Uliza: "Uko na kredi ngapi ku 60?" Na umuombe mutoto akuonyeshe karatasi ya pointi, releve de koti, kila mwisho wa mwaka. Haiko kumukosea heshima. Baba anayeangalia bulete ya paye yake mustari kwa mustari anaweza kuangalia hii pia.

Tunamujua mama mmoja ku Likasi ambaye alifanya hivyo. Bwana yake ni mufundi wa pompi ku kariere. Mama hakusoma sana, lakini iko na kayee ambamo anaandika kila kitu: ku kushoto paye ya bwana na mauzo yake ya samaki ya kukauka, ku kuume mambo ya iniversite. Kila bordero ya banki imebandikwa pale na gundi. Tulipomuuliza juu ya nini, alisema: "Karatasi ya banki njo mushuhuda wangu. Mutoto anaweza kusahau, mushuhuda hasahau." Na kweli, siku fulani jina la mutoto halikuwa ku liste ya waliolipa. Wengine walilipa mara ya pili kwa kuogopa tarehe. Yeye alituma bordero, na jina likarudi. Mzazi akikosa kayee, akuwe ata na enveloppe moja, lakini hizi karatasi zisitembee mufukoni mwa mutoto.

Ni kwa kayee hiyo pia mama aliona kama mutoto wake, wa elektromekaniki, alikuwa na masomo mawili ya mwaka wa pili ambayo hayakupata kredi. Mutoto alijua. Alinyamaza, akisema ndani ya roho atayamaliza kimya kimya. Haikuwa uongo wa ubaya. Alikuwa anajua feza ya nyumba inatoka wapi, na hakutaka kuongeza muzigo. Watoto wengi wa wachimbaji wako hivyo. Wananyamaza kwa sababu ya mapendo, na kimya hicho kinakula miaka.

Baada ya kredi kuna staji, na hapa kilio ni kikubwa. Mutoto anachukua barua ya staji ku fakilte, anapiga kopi, anapeleka ku guérite za kampuni, na anangoja. Wengine wanajibiwa. Wengine hawajibiwi ata kwa "hapana". Watu watakuambia kama yote ni piston. Hatutadanganya, piston iko. Lakini tumeona pia barua ambazo hazingejibiwa ata na malaika: hazina tarehe, hazisemi mutoto anasoma nini, hazisemi anataka biro gani, zimeandikwa kwa "Mukubwa wa kampuni" na basi. Mukubwa wa kampuni hachague wastajiere. Shefu wa garaje, shefu wa laboratwari, shefu wa usalama ku kazi, hao njo wanajua kama kuna nafasi ya mutu mmoja mwezi wa saba.

Na nani anawajua hao mashefu kwa majina? Baba. Mujomba. Jirani wa posti ya usiku. Hatusemi baba aende kulia mbele ya shefu ao kupeleka kuku. Tunasema aulize: ku biro yenu munapokea wastajiere wakati gani? Munataka barua ipitie wapi? Munahitaji mutu wa umeme ao wa kemi? Habari hiyo haiko piston, na haina bei. Mutoto wa mutu wa kariere iko nayo karibu kuliko mutoto wa profesa, lakini hatumupatii, juu tunafikiri kazi yetu ya mikono haina kitu cha kufundisha mutu wa iniversite.

Turudi ku ule mama wa Likasi, juu bwana yake alifikiri hivyo pia. Mutoto alitafuta kichwa cha memwari miezi mingi. Kile cha kwanza alikikopia ku memwari ya mukubwa wake wa homu, direkta wa memwari akakikataa ata bila kufungua ukurasa wa pili. Siku moja mangaribi, bukari na sombe viko ku meza, baba akaanza kulalamika juu ya pompi. Kila mwaka mvua zikianza, Novemba, maji inaingia ku kariere na inapaswa kutoka mbele ya mashini zisimame. Na kila mwaka pompi ile ile inakufa. Wanabadilisha roue ya ndani, inatembea, inakufa tena. Mutoto akauliza sababu. Baba akacheka: "Bwana, ile haiko maji, ni tope. Krepine yake waliiweka chini sana, inavuta muchanga kama mutoto anakula udongo. Mimi nilisema, lakini mimi niko nani?"

Mutoto aliacha bukari ikapoa. Aliomba ruhusa, shefu akakubali, akaenda ku staji mule mule. Alihesabu masaa ya pompi toka siku ya roue mupya mpaka siku ya kuharibika, akapima muchanga ndani ya maji ku urefu mbalimbali, akalinganisha. Memwari ilikuwa ile. Hatujui kama kampuni ilipandisha krepine. Lakini direkta wake, ambaye alikuwa na wanafunzi wengi na muda kidogo, alianza kumuita yeye mwenyewe kwa simu, juu kazi hii hakuwa ameisoma mahali pengine.

Neno la kuangalia hapo: baba asitoshe karatasi za kampuni, asipige picha ya mashini na kuituma mutoto ku simu. Kwa hiyo mutu anapoteza kazi. Kinachoruhusiwa ni mutoto kuomba mwenyewe, kwa barua, na shefu kutia sahihi. Baba anatoa swali. Majibu mutoto anayatafuta kwa njia ya wazi.

Na kuna vitu vidogo vinavyofunga staji. Bote za usalama, kaske, jile. Si kila sutretansi inampa mustajiere. Tumeona mutoto akirudishwa ku guérite siku ya kwanza juu alikuja na viatu vya kanisa. Bote za zamani za baba, na soksi mbili kama mguu ni mudogo, zinaweza kuokoa mwezi muzima, kama ncha ya chuma na soli bado ni nzima.

Juu ya feza, nyumba za mushahara na nyumba za bakrezeri haziko sawa. Mwenye paye anajua tarehe. Krezeri hajui: wiki mbili shimo halitoi kitu, wiki moja linatoa, na ile wiki moja njo feza inakwisha kwa sababu madeni yote yanakuja pamoja. Iniversite haijali shimo, inatoa tarehe ku valve na basi. Ndiyo maana wanafunzi wengine wanashuka wenyewe ndani ya shimo wakati wa likizo kutafuta minervali, na wengine hawapandi tena, si kwa sababu ya ajali tu, lakini kwa sababu feza ya mukono inamudanganya mutu. Unashika noti leo. Diplome iko mbali. Hatuwezi kumulaumu mutoto wa miaka 20 kwa hesabu hiyo wakati nyumbani hakuna unga.

Kitu ambacho tumeona kinasaidia ni likelemba ya ekipi, lakini iliyopangwa kwa kalenda ya iniversite. Watu kumi wa shimo moja wanachanga, na zamu ya kila mutu inawekwa ku mwezi ambao mutoto wake anapaswa kulipa, si kwa kura. Yule mwenye finalisti anapata zamu mbele ya depo ya memwari, juu mwaka wa mwisho unakula kuliko mingine: kuchapa, kufunga kitabu, transpoti ya staji, nguo ya siku ya kujitetea. Wazazi wanajitayarisha kwa minervali na wanasahau hizi. Ni hapo finalisti anageuka finalisti wa miaka.

Mabinti wetu wako na mulango mwingine ambao mara nyingi nyumbani hausemwi. Kuna mwalimu anayeita mwanafunzi mwanamuke ku hoteli juu ya pointi, ao anakataa kusoma memwari yake mpaka atakapoelewa. Watu wanaichekea na jina la mzaha. Haiko mzaha. Binti akianza kuchelewesha memwari bila sababu, akibadilisha direkta, akisema hataki tena kurudi, mama amuulize polepole, na amuamini. Asiende kwa mwalimu peke yake saa ya jioni. Aweke mesaji zote za simu. Alalamike kwa karatasi, ku dekana, na kopi moja ikae nyumbani. Baba asiseme: "Vumilia, ubaki tu mwaka mmoja." Kuna mabinti walioacha masomo kwa sababu ya neno hilo.

Mbele ya diplome kutoka, mutoto anaweza tayari kusogea karibu ya kazi. Aombe atestasio ya kufaulu, juu diplome yenyewe inaweza kukawia. Ajiandikishe ku ONEM, biro ya Leta ya kazi. Ajifunze Kingereza cha kusoma mafishi ya usalama, kwani ku kampuni nyingi makaratasi yako Kingereza, na Kishinwa kidogo hakichomi mutu ulimi. Ajue Excel vizuri, si kwa kuandika tu ku sivi. Na nyumba nzima ijue hili: mutu anayeomba feza ili "kusukuma dosie" ku kampuni anauza kitu ambacho haiko yake. Tumeona mama wakiuza mashini ya kushona kwa sababu ya bwana mmoja mwenye bajı ku shingo, na siku ya pili namba yake haipitiki.

Tusisahau watu wa vijiji vinavyopakana na migodi. Kode ya migodi iliyogeuzwa 2018 inapasha kampuni kusaini kaye ya masharti na jamii, na kuweka si chini ya 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii hizo. Ku mikutano ya kutayarisha kaye hiyo watu wanaomba masomo, kisima, barabara, na ni vizuri. Lakini ni haki pia kuomba nafasi za staji zihesabiwe kwa namba, kila mwaka, kwa watoto wa pale, na feza ya mwaka wa mwisho kwa finalisti waliokwama. Darasa linajengwa na linapigwa picha. Finalisti aliyekwama hapigwi picha, njo maana anasahauliwa. Wazazi walio na mutoto ku iniversite waende ku mikutano hiyo na liste ya majina.

Tulipopita tena Likasi, mama alitufungulia kayee ku ukurasa wa mwisho. Masomo mawili ya mwaka wa pili yamechorwa mustari: yamelipwa. Chini yake, kwa kreyo, tarehe ya kujitetea, na pembeni neno "poda" na bei yake. Bwana yake ameomba kubadilishana posti na mwenzake, ili siku ile asitoke ku usiku. Mwenzake alikubali, akisema yeye pia iko na mutoto mwaka wa kwanza, na angependa kuona hiyo kayee inaandikwa namna gani.